Motahomu ya futi 30, Denver hadi Moab: mwendo gani unafaa mlimani, kwenye upepo na tambarare?

Mgeni_wa_Aurora

Wakuu, salaam. Mwisho wa Juni tunatoka Denver kwenda Moab, Utah, watu sita, wanne kati yao watoto. Tunakodi motahomu (gari lenye nyumba ndani) ya Class C, yaani iliyojengwa juu ya chasisi ya van, ya futi 30, chasisi ni Ford E-450, injini ya petroli V8 ya lita 7.3. Leseni yangu ni ya kawaida na nimeambiwa inatosha. Njia ni I-70 mpaka Crescent Junction, kisha US-191 kwenda kusini. Jumla kama maili 355.

Naomba msaada kwa haya matatu. Tambarare niende maili ngapi kwa saa, maana mabango yanasema 75 na kule Utah 80? Baada ya handaki la Eisenhower kuna mteremko mrefu hadi Silverthorne, nashukaje bila kuunguza breki? Na tairi nijaze upepo kiasi gani? Kama kuna jambo sijauliza kwa kutolijua, lisemeni tu.

---

Kombe_la_Mizani

Karibu mkuu. Naanza na la pili kwa sababu ndilo linaloua watu.

Lango la magharibi la handaki lipo futi 11,158 juu ya usawa wa bahari. Silverthorne ipo kwenye futi 9,000 na kidogo. Katikati hapo ni maili nane na ushei, na kuna vipande vyenye mwinamo wa asilimia 7. E-450 ikijaa mpaka uzito wake wa mwisho ina pauni 14,500, yaani kilo 6,577. Sasa piga hesabu. Kuishusha kutoka lango la handaki hadi Silverthorne kuna nishati ya megajuli kama 41 inayotakiwa iende mahali. Kuisimamisha kutoka maili 60 hadi sifuri kunatoa megajuli 2.4. Ukishuka kwa breki za miguu peke yake, ni kama umesimama ghafla kutoka maili 60 mara kumi na saba mfululizo, diski hazijapata hata nafasi ya kupumua. Upepo na msuguano wa tairi vitachukua sehemu, lakini iliyobaki inatosha kabisa kuchoma pedi.

Breki zikichemka zinafeli kwa namna mbili, na inafaa uzitofautishe. Ya kwanza, pedi zimepita joto lake: pedali bado ni ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote, gari halishiki. Hapo unasikia harufu kali ya kuungua. Ya pili, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayo hunyonya unyevu kadiri yanavyozeeka, na yakiwa na maji yanachemka mapema. Mvuke ukiingia kwenye mabomba unabonyea, kwa hiyo pedali inazama kama umekanyaga sponji. Gari la kukodi hujui mafuta yake yalibadilishwa lini. Uliza kabla ya kusaini.

Namna ya kushuka ni hii. Mle ndani ya handaki, ambalo lina urefu wa maili 1.7, washa Tow/Haul, mpangilio wa gia wa kubeba au kuvuta mzigo mzito. Ni kitufe kilicho kwenye mkono wa gia. Punguza mwendo hadi 45 kabla hujaona mwanga wa upande wa pili. Gia inachaguliwa juu ya mlima. Ukisubiri mpaka gari limeshachukua kasi, gia ndogo itakataa kuingia kwa sababu mizunguko ya injini itapita kiwango.

Tow/Haul ikiwa imewaka, ukigusa breki gia inashuka yenyewe. Injini italia, mshale utapanda hadi 4,000, na abiria wote watakuangalia. Waache. Ukiachia mafuta, kilango cha hewa kinafungwa na pistoni zinavuta hewa isiyokuwepo. Kazi hiyo ndiyo inayolishika gari. Kelele haiharibu chochote mradi mshale haujaingia kwenye nyekundu.

Halafu breki: mwendo wako uwe 45. Gari likifika 45, kanyaga kwa uhakika mpaka lifike 40, kama sekunde tatu hivi, kisha toa mguu kabisa. Liache lipande tena hadi 45, rudia. Usiweke mguu juu ya pedali "kidogo kidogo" mlima mzima, maana huko ndiko kuzichoma taratibu. Ukiona kutoka 40 kurudi 45 kunachukua sekunde chache tu, gia uliyo nayo ni kubwa mno. Punguza mpaka 35, uingize iliyo chini yake.

Malori utayakuta kulia, taa za tahadhari zinawaka, yanatambaa. Kaa nyuma yao. Kuna njia za dharura za changarawe upande wa kulia wa mteremko huo, zimewekewa mabango. Pedali ikizama na gia haishiki, unaingia mle moja kwa moja, usukani umenyooka, bila kufikiria gharama ya kuvutwa.

---

Mla_Kona_Nakuru

Ya Kombe yote ni sawa. Mimi naongeza moja tu, kwa sababu wengi wetu tumekulia barabara zile: msifanye ya Salgaa, kule Kenya. Ile tabia ya kuweka nyutro mteremkoni ndio gari itembee bure na mafuta ibaki. Kwa injini hizi za sindano za kompyuta, ukiachia mafuta gia ikiwa imeingia, kompyuta inakata petroli yenyewe. Nyutro ndio inakula mafuta, kwa sababu injini lazima ilishwe ili isizime. Kwa hivyo huokoi kitu, na umetupa breki ya injini yote.

Na cruise control, ile ya kushika mwendo yenyewe, izimwe kabla ya mlima, kupanda na kushuka. Kupanda inaruka gia mbili kwa ghafla na kupiga kelele bure. Kushuka itakudanganya kwamba kuna mtu anashika mwendo.

---

Fundi_wa_Upepo

Nichukue la tairi.

E-450 nyingi zinavaa LT225/75R16, load range E (daraja la uwezo wa kubeba mzigo), sita kwa jumla: mbili mbele na pacha nne nyuma. Tairi hiyo ikiwa peke yake inabeba pauni 2,680 kwa psi 80 (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha upepo). Ikiwa pacha inabeba 2,470 kwa psi hizohizo. Inapungua kwa sababu pacha hazigawani mzigo sawa kila wakati, barabara ikiwa na mgongo moja inalemewa zaidi. Nne za nyuma jumla ni pauni 9,880, na ekseli ya nyuma ya motahomu iliyojaa inakaribia kabisa namba hiyo. Akiba ni ndogo.

Sasa tazama inavyoharibika. Tairi ya ndani ya pacha inapoteza upepo, tuseme ipo psi 40. Kwa nje huoni kitu, kwa sababu ndugu yake ameshika gari juu. Lakini huyo ndugu sasa anabeba sehemu kubwa ya pauni karibu 4,900 za upande huo, wakati uwezo wake hata akiwa peke yake ni 2,680, na ile legevu inajikunja kila mzunguko na kupata joto. Kwa maili 75 juu ya lami ya Utah ya mchana, hizo mbili zinapasuka kwa kufuatana, na vipande vya mpira vinang'oa bomba la maji machafu na nyaya zilizo karibu. Dereva anasema "zilibasti ghafla". Hazikubasti ghafla, zilikuwa zinaiva tangu asubuhi.

Kwa hiyo: geji mkononi, tairi zote sita, asubuhi kabla gari halijatembea. Kupiga kwa nyundo au kwa teke hakukuambii kitu kati ya psi 50 na 80. Ya ndani inafikiwa kwa vali ndefu inayotokeza kwenye tundu la rimu ya nje. Kama imelegea au haipo, gari lisiondoke.

Kiasi gani? Soma kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva, hicho ndicho cha kufuata. Ile namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya upepo unaohitajika kubeba mzigo wake wa mwisho. Mbele na nyuma si lazima zilingane. Ukijaza asubuhi ya baridi Denver halafu mchana ukapima Moab, utaona imepanda, karibu psi 2 kwa kila digrii 10 za Farenhaiti, na joto la mwendo juu yake. Hiyo ni kawaida. Usipunguze upepo wa tairi yenye joto, maana kesho asubuhi itakuwa chini ya kiwango na mzunguko wa uharibifu umeanza.

Tazama umri pia. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna namba nne. 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Motahomu zinasimama sana, mpira unakauka na kupasuka ubavuni kabla kashata hazijaisha. Kashata nzuri kwenye tairi ya miaka minane isikuvutie. Mimi ningedai gari lingine.

Tairi ya mbele ikipasuka, mguu wa kwanza utataka kukimbilia breki. Usikanyage. Gari linavutwa upande wa tairi iliyokufa, na ukibreki unalisaidia kuvutwa. Shika usukani kwa nguvu, kanyaga mafuta kidogo kwa sekunde moja au mbili ili gari liendelee kunyooka, kisha achia mafuta taratibu na lipungue lenyewe. Breki nyepesi mwishoni kabisa, ukishakuwa pembeni.

---

Haraka_Ina_Baraka

Jamani, mnamtisha mwenzenu. Barabara ya 75 ukienda 60 ndiyo utagongwa nyuma. Injini ya 7.3 ina nguvu ya kutosha kwenda 75 siku nzima. Aende na mkondo.

---

Kombe_la_Mizani

Injini inaweza, hilo hatubishani. Hoja ni kusimama. Kutoka 60 kwenda 75 mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nishati ya kusimamisha imeongezeka kwa asilimia 56, na msukumo wa upepo usoni umeongezeka hivyohivyo. Hilo ni boksi lenye kimo cha futi 11 hivi. Gari linalokula galoni moja kwa maili 8 hadi 10 ukilipeleka 75 linadai zaidi.

Kuhusu kugongwa nyuma: mule mule I-70 kuna malori yamefungwa kompyuta yasizidi 65 au chini. Njia ya kulia imezoea mwendo huo. Aende 60 hadi 63, kulia, mwendo usiobadilika, ili wa nyuma amsome mapema. Kinachosababisha kugongwa ni 60 kwenye njia ya kushoto, au 68 ikishuka ghafla hadi 45 kwenye mlima bila taa za tahadhari.

Umbali wa mbele ni kanuni ya madereva wa malori hapa: sekunde moja kwa kila futi 10 za urefu wa gari, ukipita maili 40 ongeza moja. Futi 30 ni sekunde nne. Kwa maili 60 hizo ni futi 352, mita 107. Watachomekea, ndiyo, nafasi ikiwa kubwa watu wanaingia. Achia mafuta, itengeneze upya. Ukihesabu wote waliochomekea toka Denver hadi Moab umechelewa dakika chache tu.

---

Bi_Mkubwa_Leeds

Kwa faida ya walio upande huu wa bahari watakaosoma baadaye: Uingereza swali la mwendo linaamuliwa na uzito wa gari likiwa tupu. Motahomu ikizidi tani 3.05 tupu, mwisho ni maili 50 kwenye barabara ya kawaida nje ya mji, 60 kwenye ile iliyogawanywa katikati, 70 motowei. Chini ya hapo unafuata ya magari madogo. Likipita mita 3 kwenda juu, lazima kimo chake kiandikwe mahali dereva anakiona akiwa kitini. Ujerumani kigezo ni uzito wa mwisho unaoruhusiwa, tani 3.5: ikizidi hapo mpaka 7.5, ni kilomita 80 nje ya mji na 100 kwenye autobani, hata pale wengine wanapokwenda bila kikomo. Wengi wanapigwa tochi wakidhani ile alama ya kufuta kikomo inawahusu.

Kwa ndugu yetu wa Aurora, hilo la kimo mfanye na nyinyi ingawa hamlazimishwi. Kata utepe wa karatasi, uandike futi na inchi, pamoja na kiyoyozi cha juu ya paa, ubandike kwenye kioo chini ya jicho la dereva. Handaki halina shida na nyinyi. Kinachong'oa viyoyozi ni paa la pale dirisha la kununulia chakula ukiwa garini, na matawi ya kambini.

---

Mgeni_wa_Aurora

Asanteni sana, wakuu, na Bi Mkubwa shikamoo. Mmenifungua macho, hasa tairi ya ndani. Nimebaki na matatu. Upepo wa jangwani ukoje, nasikia unapeperusha haya magari? Pili, mizigo: kuna tangi la maji la galoni 40, nijaze Denver au nikajaze kambini? Tatu, harufu ya breki ikija katikati ya mlima nifanye nini pale pale?

---

Mama_Safari_SLC

Upepo niachie mimi.

Motahomu ina ubavu kama ukuta na mzigo wake mwingi upo juu ya magurudumu. Upepo wa pembeni unalisukuma, nawe unaegemeza usukani kinyume. Hatari hasa ipo pale upepo unapokatika: chini ya daraja, kwenye mkato wa mlima, au ukiwa sambamba na lori. Mikono yako bado inavuta, upepo haupo tena, gari linaruka upande. Kwa hiyo unapoona kizuizi mbele, legeza mkono kabla.

Lori likikupita lina hatua mbili. Pua yake inasukuma hewa, unasukumwa kuelekea bega la barabara. Tela likishaanza kupita, unavutwa kuelekea kwake. Mgeni anasahihisha ya kwanza kwa nguvu, na ya pili inamkuta amegeukia hukohuko anakovutwa. Ukiliona kwenye kioo, sogea inchi chache kulia ndani ya njia yako, achia mafuta kidogo, shika usukani mikono miwili, usukume kidogo tu. Mwendo ukiwa 60 haya yote ni mtikisiko. Ukiwa 75 ni mapambano.

Kati ya Fruita na Crescent Junction ni wazi kabisa, na upepo mara nyingi unaamka alasiri. Piteni asubuhi. Simu ikisema mipulizo inafika maili 40 kwa saa, mimi nasema gari lisimame, pua lielekezwe upepo unakotoka. Katikati ya 25 na 40, shukeni hadi 50 au 55. Jazeni petroli Grand Junction au Fruita, mbele ya hapo vituo ni vya kuhesabu.

Kitu ambacho hukuuliza: mkia. Class C ya futi 30 ina futi nyingi za bodi nyuma ya ekseli. Ukikata kona kulia, mkia unakwenda kushoto, na unagonga nguzo ya petroli iliyo nyuma ya bega lako. Kabla hujatoka uwanja wa kukodisha, lisimamishe sambamba na mstari wa maegesho, ubavu ukiwa juu ya mstari, zungusha usukani mpaka mwisho, sogea taratibu huku mtu wa pili amesimama nyuma. Atapima mkia umevuka mstari kiasi gani. Kipimo hicho ndicho nafasi unayotakiwa kuiacha kila kituo cha petroli. Ukiondoka pampu, nenda mbele umenyooka mpaka ekseli ya nyuma imepita nguzo, ndipo ukate.

---

Kombe_la_Mizani

Maji: galoni moja ya hapa ina pauni 8.34, kwa hiyo 40 ni pauni 334, kilo 151. Ndani ya gari kuna kibandiko cha manjano kinachosema jumla ya watu na mizigo visizidi pauni ngapi. Watu sita, vyakula, baiskeli, viti, maji: namba inaisha haraka kuliko unavyodhani. Weka galoni kumi za choo na za kunawa njiani, nyingine jaza mwisho wa safari. Ukishapakia kila kitu na watu wote wamekaa, pitia mizani ya malori kwenye kituo kikubwa cha mafuta. Karatasi inatoka na uzito wa ekseli ya mbele na ya nyuma mbalimbali. Linganisha na kibandiko cha mlango. Nyuma ikizidi, hamisha vitu vizito vije mbele ya ekseli, usivipeleke kwenye lile boksi la mkiani. Pale vinafanya kazi ya wenzo: vinaongeza uzito nyuma na kuinua mbele, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga kwenye upepo aliousema Mama Safari.

Harufu: ya kwanza, tofautisha. Ikija na injini inalia, pedali ngumu na gari bado linashika, inawezekana ni pedi za lori la mbele yako. Bado chukua hatua. Pigo moja refu la breki mpaka mwendo uwe 30, ingiza gia ya chini, toa mguu. Sasa injini peke yake iwe inashika. Diski zinapoa vizuri zaidi gari likitambaa na hewa inapita kuliko likisimama, kwa hiyo ukiwa na gia inayokushika, endelea taratibu mpaka pa kuegesha penye nafasi. Hapo simama nusu saa au zaidi. Usimwagie maji, diski ya moto ikipata maji inapinda au kupasuka. Usishike rimu kwa mkono kupima. Weka P, chomeka kabari za magurudumu, watu washuke upande wa mbali na barabara.

Kama moshi unatoka gurudumu moja tu na mengine ni baridi, hapo kuna silinda ya breki iliyong'ang'ania. Hilo huliendeshi tena. Piga namba ya dharura ya waliokukodisha.

---

Mgeni_wa_Aurora

Na kupanda je? Nitoke Denver, futi 5,280, mpaka handaki.

---

Fundi_wa_Upepo

Kupanda hakuui, kunachosha tu. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo pale juu umebaki na theluthi mbili ya ile uliyoisaini. Njia ya kulia, 40 au 45, taa za tahadhari, Tow/Haul imewaka ili gia isiwe inapanda na kushuka kila dakika. Ukiona mshale wa joto la maji unaondoka mahali pake, punguza mafuta, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani iwe juu kabisa. Watoto watalalamika. Hita ni rejeta ya pili.

Gesi ya kupikia ifungwe kwenye mtungi wenyewe kabla ya kuondoka. Friji za motahomu nyingi zinawaka kwa gesi, na bomba likikatika kwenye ajali mtungi ulio wazi unaendelea kumwaga.

---

Mama_Safari_SLC

Na usipange maili 355 siku moja na watoto wanne. Wa magari madogo wanaenda saa tano na nusu hadi sita. Wewe hesabu saa nane na vituo vyake. Laleni Glenwood Springs au Grand Junction. Kabla ya Glenwood Springs mtapita korongo lenye kikomo cha 50, na kona zake zinastahili hiyo 50. Watoto mikanda, wote, muda wote. Choo kipo nyuma, lakini hakuna wa kwenda gari likitembea. Mtu aliyesimama koridoni ukibreki kutoka 60 anafika mbele kabla yako.

---

Mgeni_wa_Aurora

Nimeelewa. La mwisho: tunarudi Jumapili. Njia ileile kinyumenyume, au kuna jipya?

---

Kombe_la_Mizani

Kuna mawili. Kurudi, Silverthorne hadi handaki ni kupanda, lakini ukitoka handakini upande wa mashariki unaanza kushuka kuelekea Georgetown, kanuni zilezile. Baada ya Idaho Springs kuna kamlima, halafu kutoka Genesee unaanza mteremko wa mwisho kuingia Denver, asilimia 6. Pale katikati mji unaonekana chini, barabara inakunjuka kidogo, dereva anadhani kazi imekwisha na kutoa gia. Wenye barabara wanaijua tabia hiyo, wameweka mabango makubwa ya kuwaambia wenye malori kwamba bado hawajafika chini. Baki na gia yako mpaka umeliona bango la Morrison na barabara imelala kweli.

La pili ni foleni. Jumapili mchana watu wa Denver wote wanarudi kutoka mlimani kwa pamoja, na mteremko unashuka kwa kusimama na kuondoka. Hapo mwendo ni mdogo mno, injini haina cha kushika na breki zinafanya kazi yote. Weka gia ya kwanza, acha nafasi ya magari matatu mbele, gari litambae lenyewe badala ya kusukuma na kubana. Au ondokeni Grand Junction alfajiri, mpite handaki kabla ya saa tano asubuhi.